Kigari kilichotumika kinauzwa ghali kuliko kipya cha 2019. Bei za vitu vya watoto zinakwendaje?

Baba_Kikwajuni aliuliza:

Assalaam alaykum. Mke wangu yuko mwezi wa sita, mtoto wetu wa kwanza inshallah. Kaka yangu alinunua kigari cha mtoto Mchangani, hapa Unguja, mwaka 2019 kwa shilingi 150,000, kipya, kimo ndani ya boksi. Wiki iliyopita nimepita duka lile lile, nikakuta kigari cha aina ile ile, wananambia 280,000 na hawapungui. Nikaingia kwenye grupu la WhatsApp la vitu vilivyotumika, mama mmoja wa Mpendae anauza cha kwake 170,000. Kimeshatumika, kitambaa kimepauka, na bado bei yake imepita kipya cha kaka yangu!

Orodha ya mke wangu: kigari, kitanda cha mtoto, kiti cha gari, woka (ya magurudumu, ya kumtembeza mtoto), beseni la kuogea, chandarua cha mwavuli, pampu ya maziwa. Nimeweka pembeni laki sita. Wanaoijua biashara hii wanisaidie. Bei hizi zinapanda tu, au kuna wakati zinashuka? Ninunue vyote sasa au ningoje?

Shangani_Boy:

Hongera akhi. Kwa njia zetu za Mji Mkongwe kigari hakikufai kitu, magurudumu yanazama kila mahala. Nunua mbeleko nzuri, zilizobaki weka za akika.

MamaNasra_Mwanakwerekwe:

Waalaykum salaam mwanangu, na hongera. Mungu amjaalie mkeo ajifungue salama.

Mimi nauza vitu vya watoto tangu 2012. Nilianza Mchangani na mali mpya ya China na Dubai, sasa niko Mwanakwerekwe na mali iliyotumika, nyingi kutoka Uingereza. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu naona wazazi wengi wachanga wanamaliza pesa kwa vitu visivyohitajika, halafu mtoto akifika miezi sita hawana kitu mkononi.

Nianze na mama wa Mpendae. Hakudhulumu. Mwenye kuuza kilichotumika haangalii yeye alikinunua ngapi, anaangalia wewe ukiondoka kwake ukaenda dukani utatoa ngapi. Dukani leo ni 280,000, yeye kakukatia laki na kumi. Ile 150,000 ya kaka yako haimo tena katika hesabu hii, kwa sababu kwa bei ile hakuna pahala utakipata kipya.

Sasa hiyo 280,000 imetoka wapi? Wengi watakwambia dola. Dola ina sehemu yake lakini si kubwa kama inavyosemwa. Mwaka 2019 ilikuwa kama 2,300, kwa hivyo kigari cha 150,000 kilikuwa kama dola 65. Mwaka 2024 dola ikapita 2,600. Piga 65 mara 2,650, unapata 172,000 na kidogo. Dola peke yake imeongeza kama elfu ishirini na mbili. Bado kuna laki na zaidi hujaijua ilikotoka.

Nauli ya kontena ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Kontena la futi 40 linabeba kama mita 67 za ujazo. Boksi la kigari cha kawaida, ukilipima urefu, upana na kimo, linakula kama moja ya nane ya mita moja ya ujazo, basi humo ndani vinaingia vigari kama 500. Kabla ya korona wastani wa nauli za dunia kwa kontena kama hilo ulikuwa chini ya dola 2,000, yaani dola nne kwa kigari. Septemba 2021 wastani huo ukapita dola 10,000. Hapo kila kigari kimebeba dola ishirini za meli tu kabla hakijagusa gati ya Malindi hapa Unguja. Na ushuru unakatwa juu ya bei ya mali pamoja na nauli na bima, si juu ya bei ya kiwandani peke yake, kwa hivyo nauli ikipanda na ushuru unapanda nao hata kama kiwango hakikubadilishwa. Kisha mwenye duka naye anaweka faida yake juu ya jumla yote hiyo. Plastiki na chuma navyo vilipanda huko viwandani miaka ile ile.

Utaniuliza, mbona nauli ilishuka sana 2023 na bei hazikurudi? Mzigo uliokuwa dukani ulikuwa umenunuliwa kwa nauli ya juu, na mtu hawezi kuuza chini ya alichotoa. Mzigo ule ulipoanza kwisha dola ikawa adimu na inapanda. Mwisho wa 2023 meli zikaanza kushambuliwa Bahari ya Shamu. Mali yangu ya Uingereza ilikuwa inapita Suez na Babelmandeb, ikabidi izungushwe Rasi ya Tumaini Jema, wiki zaidi baharini na mafuta zaidi. Mali ya China haipiti huko, lakini meli zilizokuwa zinazunguka Afrika zilikuwa zinakawia kurudi, meli zikapungua kila njia na nauli ikapanda kwa wote. Mwisho wa 2024 dola ilirudi karibu 2,400, na hapo kweli niliona baadhi ya wajumla wa Mchangani wanapunguza. Kwa hivyo bei zinashuka, ila zinashuka kwa kuchelewa na hazishuki zote.

Hili shika vizuri kwa sababu litakusaidia kwenye orodha yako: vitu vinavyosafirishwa na hewa ndani yake ndivyo vilivyopanda zaidi. Beseni kubwa, kibembea, kigari chenye kitanda. Kigari chembamba kinachokunjwa mkunjo wa mwavuli hakikupanda kwa kasi hiyo, kwa sababu pahala pa kigari kimoja kikubwa vinaingia viwili au vitatu. Pampu ya maziwa ni kadogo, nauli yake haionekani, na ya umeme bei yake imeshuka kabisa kuliko nilipoanza. Wakati ule ilikuwa unamuagizia mtu anayetoka safari, leo za China zimejaa. Pampu nunua mpya. Iliyotumika usiiguse hata ukipewa bure, maziwa ya mama mwengine yanaweza kuingia ndani ya mpira na mota pasipooshwa.

Vilivyotumika vina hesabu nyengine, na hapa kwetu bahari ndiyo inayopanga bei. Kigari kilichokaa Uingereza miaka mitatu kikashuka jana hali yake ni nzuri kuliko kilichokaa Malindi mwaka mmoja kwenye nyumba inayoangalia bahari. Chumvi inakula zipu kwanza, kisha springi za breki, kisha misumari ya mikunjo. Masika inaleta koga kwenye kitambaa na godoro. Nikienda kununua kwa mtu nakunja na kukunjua kigari kabla ya kuzungumza bei, navuta kila zipu hadi mwisho, nageuza godoro nalinusa. Kikiwa na koga ndani ya sponji nakiacha, kwa sababu haitoki. Kwa mama wa Mpendae fanya hivyo hivyo. Kama mikunjo ni mizima na breki zinashika, 170,000 si mbaya lakini anza na 130,000. Kupauka kwa kitambaa kunakupa haki ya kushuka.

Tazama pia magurudumu. Kigari cha magurudumu madogo ya plastiki kinapoteza nusu ya bei siku ya kwanza kukitumia, kwa sababu kila mtu hapa anajua mchanga wa Fuoni na mawe ya Mji Mkongwe. Chenye magurudumu makubwa ya upepo kinashika bei miaka, na pancha fundi wa baskeli yeyote anaziba. Nimeuza kigari kama hicho kwa familia ya Bububu, wakanirudishia mtoto alipokua, nikakiuza tena kwa tofauti ya elfu thelathini tu.

Wakati wa kununua upo. Shaaban wenye maduka wanataka pesa ya kuleta nguo za sikukuu, wanapunguza vitu vikubwa ili nafasi ipatikane. Kumi la mwisho la Ramadhani usiende, kila mtu anataka kigari cha kumpeleka mtoto Mnazi Mmoja sikukuu na bei inapanda bila sababu nyengine. Juni, skuli zinapofungwa, wageni wanaofanya kazi hapa wengine wanahama na kuuza vitu vizuri kwa haraka.

Kwa hiyo usinunue vyote sasa. Mtoto akizaliwa anahitaji chandarua, beseni, na pa kulala. Pampu ngoja uone kama mkeo ataihitaji. Kigari cha kukaa hakimfai mpaka shingo na mgongo vishike, kama miezi sita, yaani una muda wa kutosha kutafuta. Woka naomba uifute kwenye orodha. Canada ilipiga marufuku kuziuza tangu 2004, mpya na zilizotumika, kwa ajili ya watoto walioanguka nazo kwenye ngazi, na nyumba zetu za Ng'ambo na Mjini ngazi ziko kila mlango. Mimi siziuzi, ingawa kila siku naulizwa.

Fundi_Kiembesamaki:

Mama Nasra kasema kweli. Mie niongeze kwenye kitanda, maana ndiyo kazi yangu.

Kitanda cha mtoto cha mbao kinakwenda kinyume na vitu vya plastiki. Mbao kila mwaka zinapanda, kwa hivyo kitanda cha mfenesi au msaji kilichotengenezwa miaka kumi nyuma leo kinaweza kuuzwa kwa pesa ile ile aliyolipwa fundi wakati ule, na mtu akashukuru. Mfenesi mchwa hawaupendi na rangi yake inazidi kuiva kadiri unavyokaa. Vile vya ubao wa kubandika vinavyokuja kwenye boksi, unyevu wetu ukiingia kwenye tundu za skurubu vinavimba na havishiki tena. Bei yake baada ya masika mbili ni ya kuni.

Ukinunua cha zamani, pima nafasi baina ya fito. Isizidi sentimita 6. Ikizidi, kiwiliwili cha mtoto kinapita na kichwa kinabaki. Na vile vyenye ubavu unaoshuka chini na kupanda viache hata vikiwa rahisi. Marekani ilikataza kuviuza tangu 2011 kwa sababu ubavu ulikuwa unachomoka na kuwabana watoto. Kama unacho cha ukoo cha namna hiyo niletee, nakaza ubavu kwa skurubu na vipande vya mbao ubaki pahala pamoja.

Mpemba_Wete:

Yakhe, nyie wa Unguja mna raha. Kigari hicho hicho cha 280,000 kikifika huku Wete si chini ya 320,000. Kinalipiwa Malindi kupakiwa, kinalipiwa kushushwa, kisha gari ya kutoka Mkoani. Mzigo mwengine unaletwa kwa njia ya Tanga, huo una unafuu kidogo lakini hauji kila siku.

Na huku bei inafuata karafuu. Msimu ukiwa mzuri na watu wameshalipwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, maduka ya Chake Chake yanajua. Harusi zinafululiza, watu wananunua vitanda, magodoro, na vya watoto vivyo hivyo, mwenye duka hashuki hata elfu mbili. Msimu ukipita, au mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, kitu kile kile kinakaa dukani kinapata vumbi na yeye ndiye anayekuita. Mimi nilinunua kitanda cha binti yangu wakati kama huo, na nilitajiwa bei nzuri kabla sijaomba.

Bibi_wa_Jang'ombe:

Wajukuu zangu, nasomewa haya na mjukuu wangu naye ananiandikia.

Miaka ya sabini hapakuwa na bei ya kulalamikia kwa sababu hapakuwa na kitu dukani. Nguo tulikuwa tunapanga foleni. Winda tulikata kanga kuukuu, iliyokwisha lainika. Mtaani kwetu kulikuwa na gari moja ya mtoto ya chuma, ya matairi makubwa, ililetwa na baharia, ikapita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyemuuzia mwenziwe. Ukimaliza unaifuta, unaitia mafuta, unampelekea anayetarajia. Biashara ilipofunguliwa wakati wa Mzee Mwinyi, 1984 kwenda 85, ndipo tulipoanza kuona vitu vya Dubai Darajani, na hapo ndipo ile gari ikaanza kutajwa kwa pesa.

Mwanangu wa Kikwajuni, umesema kaka yako anacho kigari. Watoto wake wamekuwa wakubwa gani? Umemuuliza?

Baba_Kikwajuni:

Shikamoo Bibi, shikamoo Mama Nasra. Ahsanteni sana wote, nimemsomea mke wangu na woka tumeifuta.

Bibi, kigari cha kaka kiko Dar es Salaam kwa shemeji, bado wanakitumia kwa mdogo wao. Kitanda nitakuja kwa fundi wa Kiembesamaki. Mama Nasra, umekiruka kiti cha gari. Tuna gari ndogo na mke wangu kazi yake iko Mahonda, atakuwa anakwenda na mtoto. Kwenye grupu vipo vya elfu arubaini na vipo vya laki mbili, vyote vinaonekana sawa kwa macho. Na nikinunua kigari nikakitunza, nikiuze lini?

MamaNasra_Mwanakwerekwe:

Marahaba mwanangu. Nilikiruka kwa sababu kinataka maelezo yake peke yake.

Kiti cha gari ndicho kitu pekee kwenye orodha yako ambacho umri wake umeandikwa juu yake, na bei inatakiwa ishuke kwa kufuata umri huo. Kigeuze chini. Kwenye plastiki utaona duara dogo mithili ya uso wa saa, katikati mwaka, pembeni namba za miezi, na mshale unaoelekeza mwezi kilipotengenezwa. Watengenezaji wengi wanakipa kiti miaka sita mpaka kumi tangu siku hiyo, wengine wanaandika kabisa mwisho wake. Plastiki inakauka, na hapa gari inashinda juani tangu asubuhi, kwa hivyo mimi huwa siuzi kiti kilichopita miaka sita hata kama mwenyewe kaandika kumi.

Kisha tafuta kibandiko cha rangi ya chungwa. Kitaandikwa R44 au R129, hizo ni kanuni za usalama wa viti. R129 ni kanuni mpya zaidi, ilianza 2013, na inapima pia kugongwa ubavuni. Nchi za Umoja wa Ulaya zimesimamisha kuuza madukani vya R44 tangu Septemba 2024, kwa hivyo nategemea vingi vitaanza kushuka huku kwa bei rahisi sana. R44/04, yaani toleo la mwisho la R44, kikiwa kichanga na kizima kitamlinda mtoto, lakini usikilipie bei ya R129. Kisicho na kibandiko chochote, hata kiwe kipya kinanukia plastiki, ni kiti cha kukalia tu, mwache nacho mwenyewe.

Hivyo vya elfu arubaini kwenye grupu, muulize muuzaji swali moja: gari iliyokuwa na kiti hiki iliwahi kugongwa? Kiti kilichokuwa ndani ya ajali hakitumiki tena, ufa unaweza usionekane. Akisita kujibu, ondoka. Kwa mtoto mchanga nataka ununue kile cha kuelekea nyuma chenye mkono wa kubebea, na kama unaweza ukipate kwa mtu unayemjua ambaye unajua gari yake imepita wapi. Hapa weka pesa yako, hata laki na nusu. Punguza kwenye kigari.

Kuuza, uza kigari mtoto anapokaribia miaka miwili na nusu, wakati bado anakitumia siku moja moja. Wazazi wengi wanakiweka stoo wakisema atakuja mwengine. Mwengine anakuja baada ya miaka mitatu na kigari kimeshaliwa na chumvi, kimepoteza nusu bila kutembea. Kama una yakini mtoto wa pili yuko karibu, kikaushe, kifunge ndani ya nailoni, kiweke juu ya kabati na si chini sakafuni. Kitabu chake cha maelezo na ile kofia ya jua usivipoteze. Mnunuzi akiviona vyote viwili haniambii nipunguze.

Ukipata kiti unachokitaka, nipigie picha lile duara la tarehe na kile kibandiko uweke hapa kabla hujatoa pesa. Niko dukani kila siku ila Ijumaa tunafunga kabla ya sala.